Vitabu Vitoke Kabatini: Mwongozo wa Kuendesha Maktaba ya Kijiji Mtwara na Lindi

Ukitembelea vijiji vya Newala, Tandahimba, Ruangwa au Nachingwea, utakuta kabati la vitabu mara nyingi kuliko unavyotarajia. Liko ofisini kwa mwalimu mkuu au kwenye ofisi ya kijiji, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mtu aliyekwenda shamba. Vitabu vilivyomo ni vizima, havina hata ukurasa uliokunjika. Vimetunzwa vizuri sana, ila havijasomwa.

Mimi nililinda kabati la namna hiyo kwa mwaka mzima, katika kijiji kimoja njia ya Newala kwenda Masasi. Niliogopa. Aliyenitangulia alikatwa posho kwa sababu ya vitabu viwili vilivyopotea, na tangu siku hiyo hakumwazimisha mtu yeyote. Nilipokabidhiwa ufunguo nilirithi na hofu yake. Kwa hiyo kila hatua ninayoieleza hapa inalenga jambo moja: kitabu kitoke, kiende nyumbani kwa watu, kirudi, kitoke tena. Chumba, rafu, kamati na fedha vyote vipo kwa ajili ya safari hiyo.

Anzia kwenye mkutano wa kijiji

Kabla ya kutafuta kitabu hata kimoja, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, uombe maktaba iwe ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Usiridhike na kupigiwa makofi. Hakikisha muhtasari unaandika mambo matatu: chumba gani kimetolewa, kimetolewa kwa matumizi gani, na nani wamechaguliwa kukisimamia. Omba nakala yenye muhuri. Bila karatasi hiyo, mwenyekiti mwingine akiingia madarakani chumba kitageuzwa stoo ya salfa ya mikorosho mwezi wa sita, na mahali palipowekwa viuatilifu si mahali pa kumkalisha mtoto akasoma.

Kamati ya watu saba inatosha. Kwetu tuna mwalimu mmoja, kinamama watatu, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mzee mmoja anayeheshimika na mtu mmoja kutoka chama cha msingi cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Huyo wa AMCOS usimwache, sababu utaiona kwenye fedha. Kinamama wasipungue watatu kwa kuwa wao ndio wanajua kitabu kilichopotea kiko chini ya kitanda cha nani.

Andikeni katiba fupi, kurasa tatu au nne, kisha mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata akuelekeze namna ya kusajili kikundi halmashauri. Usajili huo ndio unaowawezesha kufungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Peleka taarifa pia Maktaba ya Mkoa, Mtwara mjini au Lindi. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzia kwenye sheria ya mwaka 1963 na sasa inafanya kazi chini ya ile ya 1975, ndiyo yenye dhamana ya maktaba za umma nchini. Wakutubi wa mkoa wana ujuzi ambao huwezi kuupata kijijini. Nenda na daftari, kaa nao siku nzima, angalia wanavyofanya.

Katika katiba kiwekwe kifungu kimoja ambacho kwangu ni muhimu kuliko vyote: *mtunza maktaba hatalipa kitabu kilichopotea au kuharibika mikononi mwa msomaji.* Kisomwe kwa sauti mkutanoni na watu wakubaliane nacho. Mtunza anayelipishwa atafunga kabati, na hakuna semina itakayolifungua.

Chumba, na adui zake

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua chumba kilicho karibu na bomba la maji. Huku kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida ya siku zote, na foleni ya ndoo humaliza saa nzima au zaidi. Watoto na mama zao wako pale, wanasubiri. Tulipohamia jirani na kituo cha maji, watu walioingia waliongezeka wiki ileile, na hatukuwa tumeongeza kitabu hata kimoja.

Chumba cha hatua tano kwa sita kinatosha. Kiwe na madirisha pande mbili ili upepo upite, na rafu zisielekee jua, maana jua hupausha majalada na kukausha gundi ya mgongo wa kitabu. Katikati tandika mikeka. Meza mbili na mabenchi zitawafaa wakubwa. Watoto waache wakae chini, huko ndiko wanakosoma kwa starehe.

Sasa mchwa. Hapa usifanye mzaha, kwa sababu mchwa hula rafu nzima kutoka nyuma huku mbele ukiona vitabu vimesimama vizuri. Rafu isiguse ukuta. Acha upana wa kiganja. Ubao wa chini uwe juu ya sakafu kwa urefu wa dhiraa moja hivi, na usiweke kitu chini yake ili ufagio upite na jicho lipite. Kila mguu wa rafu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na oili hiyo iongezwe kila mwezi. Makopo yafunike kwa mbao au uyaweke upande ambao watoto wadogo hawafiki. Ukipata fedha za mninga, tengenezesha rafu za mninga. Mbao laini za bei rahisi utazinunua mara mbili. Halafu kila Jumatatu zunguka na tochi nyuma ya rafu ukitafuta vinjia vya udongo ukutani. Ukikiona kimoja, kibomoe, fuata kilikotoka, na hamisha vitabu vya upande huo siku hiyohiyo.

Adui wa pili ni unyevu. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na asubuhi ukungu hufunika uwanda mzima. Fungua madirisha mchana pakiwa pakavu, yafunge kabla ya magharibi. Vitabu visibanane, kidole kipite kati ya kitabu na kitabu. Kikiota ukungu, kitoe nje kivulini, kisimamishe kikiwa wazi, kikauke, kisha kisugue kwa brashi laini mbali na vingine. Kikilowa, weka kipande cha gazeti kila baada ya kurasa chache na ubadilishe vipande hivyo vinapolowa. Usikianike juani, kitapinda na hakitafungika tena.

Nyinyi wa Kilwa na Lindi mjini, mlio karibu na bahari, angalieni pini za chuma kwenye vitabu vyembamba vya watoto. Chumvi ya hewani huzitia kutu na karatasi hukatika palepale. Zitoeni mapema, mshone kwa uzi mnene matundu matatu katikati. Kazi ya dakika tano inakipa kitabu miaka.

Kwa wadudu wadogo na mende, usafi ndio dawa ya kwanza: chakula kisiingie. Majani makavu ya mwarobaini nyuma ya vitabu tunayatumia na kuyabadilisha kila mwezi. Zile tembe nyeupe za kabati la nguo siziweki, ni sumu kwa mtoto akizidhania pipi.

Vitabu gani

Vitabu mia tatu vinavyotakiwa vinashinda elfu tatu vilivyoletwa tu. Nasema hivi nikijua jinsi ilivyo vigumu kumkatalia mfadhili. Lakini sanduku la vitabu vya sheria za nchi nyingine au vya kompyuta za zamani litajaza rafu na kuwafundisha watoto kwamba maktaba haina chao. Andika barua ya shukrani, eleza mnachohitaji, taja madarasa na lugha. Anayetaka kusaidia kweli ataelewa.

Nusu ya fedha ya kwanza iende kwenye hadithi za Kiswahili za watoto zenye picha. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa vingi vya aina hiyo hapa nchini. African Storybook nao wana hadithi za Kiswahili unazoruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bure. Nunua nakala nne au tano za kitabu kimoja kizuri badala ya vitabu vitano tofauti, ili watoto wasome pamoja, kila jozi na kitabu chake.

Vitabu vya kiada angalia mwaka. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo vya zamani vya baadhi ya masomo havifuati tena wanachofundishwa. Mitihani iliyopita ya darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne itagombaniwa. Itie kwenye mafaili na uichape nakala nyingi. Kamusi ya Kiswahili iwe mbili, moja isitoke.

Wakubwa wanataka nini? Nilidhani riwaya. Wengi walitaka kujua kwa nini mikorosho yao inashambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga na dozi ya dawa ni kiasi gani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kinachotafiti korosho; waombe vipeperushi vyao. Kule Lindi ongeza vya ufuta. Weka pia Katiba ya nchi, sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, vitabu vya afya ya mama na mtoto, tafsiri za Kurani na Biblia, na magazeti hata kama ni ya wiki iliyopita.

Tenga rafu moja ya mambo ya kwetu. Mtoto wa Lindi ana haki ya kujua kwamba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na sasa imesimama Berlin, kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kwamba Vita vya Maji Maji vilipita katika vijiji hivi. Ambavyo havijachapishwa viandikeni wenyewe. Kaeni na wazee, kijana aandike ngano za Kimakonde, Kimwera au Kiyao kwenye daftari gumu, kwa lugha yenyewe na kwa Kiswahili. Daftari hilo lina namba kama kitabu kingine chochote.

Namba, muhuri, rangi

Kila kitabu kinachoingia kiandikwe kwenye rejesta: namba, tarehe, jina la kitabu, mwandishi, kimetoka wapi, maoni. Namba haitumiki tena hata kitabu kikipotea. Piga muhuri ukurasa wa jina na ukurasa mmoja wa siri mliokubaliana, tuseme wa 17. Atakayechana wa mbele hataujua wa pili. Vika kila kitabu jalada la plastiki.

Mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, ulioanza 1876 na kugawa maarifa katika mafungu kumi, utakufaa ukishapita vitabu elfu moja na zaidi. Kabla ya hapo tumia utepe wa rangi wa mafundi umeme kwenye mgongo wa kitabu: kijani hadithi nyepesi, njano hadithi ndefu, nyekundu masomo ya shule, bluu kilimo na afya, nyeupe dini na sheria. Chora ufunguo wa rangi ukutani. Mtoto wa darasa la kwanza atarudisha kitabu mahali pake bila kuuliza.

Kuazimisha

Mwanzoni tuliandikisha mtu mmoja mmoja, na watoto wa jina moja wakatuchanganya. Sasa tunaandikisha kaya. Kila kaya ina ukurasa wake kwenye daftari la kuazima, juu kuna jina la mama au baba, kitongoji, na namba ya simu kama ipo. Mzazi huja mara moja tu, anaoneshwa kitabu kilivyo, anaweka saini au dole gumba. Baada ya hapo mtoto wake yeyote anaweza kuchukua. Faida yake ni kubwa: nyumba nzima inajua kitabu kimeingia, na bibi huuliza kimeandikwa nini.

Vitabu viwili kwa kaya, wiki mbili. Hatuchukui amana, kwa sababu amana huwazuia walewale ambao hawana kitabu kingine nyumbani. Kila kitabu hutoka ndani ya mfuko uliowekewa kamba. Tuliwaomba kinamama watushonee kwa vipande vya kanga zilizochakaa. Udongo wetu mwekundu hauna huruma na karatasi, na mvua humkuta mtoto njiani.

Faini usiweke. Nimeijaribu. Mtoto anayedaiwa shilingi mia mbili harudishi kitabu, anaikwepa maktaba, na umepoteza kitabu pamoja na msomaji. Kitabu kikichelewa wiki moja mtume mtoto wa jirani akumbushe. Zikipita tatu, mmoja wa kinamama wa kamati apite nyumbani, asalimie, akae kidogo, aulize. Mara nyingi kimelowa na wanaona haya. Waambie wakilete hivyohivyo, tutakitengeneza, na waruhusu wachague kingine palepale. Hapo umeshinda kaya hiyo kabisa.

Zingatia kalenda ya korosho. Kuanzia Septemba hadi Desemba familia nyingi huhamia mashambani, wengine kwa wiki nyingi. Ukiwadai vitabu vyote kabla hawajaondoka, maktaba italala theluthi ya mwaka. Sisi huandaa masanduku, vitabu ishirini kila moja, tunampa mzazi mmoja anayejua kusoma katika kila eneo la mashamba, naye huwazungushia wenzake jioni. Hurudi Januari. Likizo ndefu ni pia msimu wa jando na unyago, kwa hiyo usipange mashindano ya kusoma siku hizo, watoto hawapo.

Vitabu vitapotea. Kati ya mia moja vinavyozunguka mwaka mzima, vikipotea vitano au sita mimi sisikitiki, navipangia fedha ya kuvinunua tena. Visipopotea kabisa, naangalia daftari kwa wasiwasi: huenda havitoki.

Mtunza na saa

Andika saa za kufungua mlangoni kwa herufi kubwa, na usizivunje. Mtu aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali akakuta kufuli hatarudi mara ya tatu. Ni afadhali siku nne za uhakika kuliko sita za kubahatisha. Sisi hufungua saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi saa mbili hadi saa sita mchana. Mwezi wa Ramadhani tunasogeza.

Watunza wawe wawili wanaopokezana, ili mmoja akifiwa au akienda shamba mlango usifungwe. Walipwe posho, hata kama ni ndogo. Kazi ya kujitolea isiyo na chochote hudumu msimu mmoja. Wanafunzi wanne wa darasa la sita wawe wasaidizi, wapange rafu na kuandika daftari. Kijana akionesha moyo, mwelekeze kwenye chuo cha ukutubi kule Bagamoyo.

Yanayofanyika ndani

Jumamosi ni ya kusoma kwa sauti. Msomaji asimame mwanga ukimpiga kitabuni, aoneshe picha kila ukurasa, asome taratibu, asimame na kuuliza “mnadhani atafanya nini?” Hadithi moja isomwe Jumamosi tatu mfululizo. Wakubwa huona inachosha, lakini mtoto anayezungumza Kimakonde nyumbani, mara ya kwanza anafuata picha, ya pili anadaka maneno, ya tatu anasoma pamoja nawe.

Kwa watu wazima, wazee wetu bado wanakumbuka kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wapo walioshika kalamu wakati huo. Baadhi yao wakasema wamesahau kusoma. Hawakusahau; macho ya karibu yamechoka, kama ilivyo kwa wengi waliopita miaka arobaini na kitu. Tulinunua miwani ya kusomea, jozi kumi za namba kati ya 1.5 na 3, tukaziweka kwenye sanduku mezani. Mzee mmoja alisoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo. Anayeona ukungu au maumivu mpelekeni hospitali, hiyo si kazi ya miwani ya mezani.

Darasa la kisomo lisianze na a, e, i, o, u. Lianze na stakabadhi ya korosho ya mhusika mwenyewe: kilo ngapi, daraja gani, bei ya mnada, makato gani, kilichobaki. Kisha ujumbe wa fedha kwenye simu. Kinamama walifika wengi kuliko darasa lolote tulilowahi kufungua, na hawakukosa.

Fedha

Gharama kubwa ni posho, vitabu vya kujazia, na betri ya sola kila baada ya miaka michache. Omba mchango wakati watu wana fedha, yaani baada ya malipo ya minada, Novemba hadi Januari. Kwa Lindi na baada ya ufuta pia. Sisi tuliomba shilingi 2,000 kwa kaya kwa msimu, kwa hiari, na asiyetoa anaazima kama mwenzake. Yule mjumbe wa AMCOS apeleke ombi kwenye mkutano mkuu wa wanachama ili chama kitenge kiasi kwa ajili ya maktaba. Uamuzi uwe wao, uandikwe kwenye muhtasari. Kuchaji simu kwa sola na kutoa nakala huongeza kidogo. Mapato na matumizi yabandikwe mlangoni kila mwezi, hata mwezi wa shilingi mia tano.

Mkipata kishikwambi au kompyuta, pakieni Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Nendeni mjini mara moja mkavisome na kuviandaa. Hayo yaje baada ya vitabu kuzoea kutoka.

Kutengeneza na kuhesabu

Tenga alasiri moja kwa mwezi ya kutengeneza. Tumia gundi nyeupe ya seremala, kidogo, kwa brashi, kisha weka tofali juu ya kitabu usiku kucha. Uji wa ngano au wa muhogo huita mende. Solotepu usiiguse: baada ya miaka michache hugeuka njano, hubanduka na kuondoka na maandishi. Ukurasa uliochanika ubandikwe kwa karatasi nyembamba.

Januari, masanduku yakisharudi kutoka mashambani, fungeni siku mbili, mtoe kila kitabu, mpige tiki kwenye rejesta. Gawanyeni mafungu matatu sakafuni. Vyenye vumbi ambavyo havikutoka mwaka mzima vipelekwe shule au kijiji kingine. Vinavyoshoneka vipelekwe meza ya matengenezo. Na vile vilivyochakaa mpaka jalada limetoka, kurasa zina alama za vidole na harufu ya moshi wa jikoni, andikeni majina yake juu kabisa kwenye orodha ya manunuzi, nakala mbili mbili.